Chuma Nilichokinyamazisha

Mnanijia baada ya sala ya alasiri, wawili wawili, na mashine zenu mpya ndani ya mabegi, nyengine hata plastiki haijatolewa. Mnavua viatu mlangoni kwangu hapa Al Khuwair, Muscat, mnakunywa kahawa yangu na halua yangu, halafu swali ni lile lile: "Bibi Nasra, ipi bora?" Mmoja kaagiza yenye skrini ya rangi, mwengine ya kuzama majini, mwengine kamuona mzungu kwenye simu kafukua chungu cha fedha katika shamba la viazi, naye anataka Ijumaa akafukue chake.

Kazi hii nimeifanya miaka mingi kuliko umri wa yeyote kati yenu anayekaa kwenye zulia langu. Basi nimeamua kuandika, nisiwe narudia kila wiki. Ipi bora nitakwambieni. Lakini nitapitia kwanza kwa mtu aitwaye Khalfan, mkulima, kwa sababu kila nilichokijua kuhusu mashine hizi kabla ya Khalfan kilikuwa nusu, na nusu ile ilimuua.

Na jambo moja kabla ya yote. Kitu cha zamani mkikikuta ardhini si chenu, ni cha nchi. Na shamba lina mwenyewe. Ukiingia bila ya ruhusa wewe si mtafutaji, wewe ni mwizi uliyevaa hedifoni.

Mimi nilikuwa mpiga taipu. Wazee wangu walirudi kutoka Unguja mimi msichana, na kazi ya kwanza niliyoipata ni ya kupiga taipu katika idara iliyokuwa ikikagua ardhi za zamani kabla barabara au nyumba hazijapita juu yake. Mtu mmoja alikuwa akitembea mashambani na mashine, anasikiliza kilichomo chini, sarafu, vichwa vya mishale, vyungu vya shaba, anaweka alama, kisha wataalamu wanakuja kufukua. Mtu huyo ni Mzee Hilal. Ukoo wake ulitoka Tabora, Kiswahili chake cha bara, na alikuwa askari kabla ya kuja kwetu. Jeshini ndiko alikofundishwa mashine. Ndiko pia sikio lake la kulia lilikofia.

Siku moja akaingia chumbani kwetu wapiga taipu, akasimama kimya, akauliza, "Nani kati yenu anasikia bomba la jikoni linalovuja?"

Nikasema, "Mimi, na linanikera tangu asubuhi."

"Wewe, dada. Kesho njoo na viatu vya kutembea."

Mama yangu alilia siku mbili. Mtoto wa kike, kasomeshwa, anakwenda kuzurura katika mashamba ya watu na fimbo inayolia. Lakini nilikwenda.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Kila nilipopita mashine ililia. Nikipiga hatua, inalia. Nikisimama, inalia. Nikachimba mashimo tisa katika jua lile, nikapata mawe na mizizi. Mzee Hilal alikaa chini ya ukuta anakunywa kahawa, ananitazama tu. Mwisho akaja, akaninyooshea kidole mkononi.

"Hiyo dhahabu yako umeirithi kwa nani?"

Nilikuwa nimevaa bangili za bibi yangu, sita. Nilikuwa nikijitafuta mwenyewe tangu asubuhi. Nikazivua siku ile, na tangu siku ile sijaingia shambani na pete, saa, simu wala mkanda wenye kichwa cha chuma. Nanyi mvue. Viatu vyenye chuma mbele vibaki garini.

Nyumba ya Mzee Hilal ilikuwa Qantab, nyuma kidogo ya ghuba, na nyuma ya nyumba alikuwa na kiwanja ambacho mkewe alikilalamikia mpaka anakufa, kwa sababu hakuweza kupanda hata nanaa. Kiwanja chote kilikuwa kimezikwa vitu. Hapa sarafu ya shaba kwa kina cha kiganja. Hapa riale ya fedha kwa kina cha kiko cha mkono. Hapa msumari, hapa ganda la risasi, hapa kufuli, hapa riale na msumari pamoja, kimoja kimelala juu ya mwenziwe. Kila kimoja kimeandikwa katika daftari, kimezikwa wapi na lini. Kila mashine mpya iliyoletwa idarani ilikwenda Qantab kwanza, inapitishwa juu ya vitu vile vile, na mimi nasikiliza na kuandika.

Huku ndiko kulinganisha mashine, wanangu. Karatasi ya dukani ina maneno ya muuzaji. Zika vitu vyako mwenyewe, viache vikae mpaka mvua moja ipite, kisha pitisha.

Mashine za wakati wangu zilikuwa za namna tatu, na za kwenu ni zile zile zimevalishwa nguo nzuri. Ya kwanza tuliyoitumia ni kongwe, nzito, sahani yake ya chini kubwa kama chano cha kulia wali, na haikujua kubagua. Shaba, fedha, chuma, kifuniko cha soda, kwake sauti moja. Tuliiita Bi Kelele. Nikiibeba saa moja bega langu linageuka mti. Ya pili ni ile inayopiga mapigo ndani ya ardhi na kungoja jibu. Hiyo ndiyo inayofaa pwani, penye chumvi, na penye mawe meusi ya milima yetu hii, ambayo yenyewe yana chuma ndani yake na huzifanya mashine nyengine zipige kelele bure. Inakwenda chini sana, lakini nayo haibagui. Utachimba mpaka ukome.

Ya tatu ilikuja baadaye, nyepesi, ina kioo chenye namba. Ukipita juu ya kitu inakupa namba, na sauti inapanda na kushuka kwa aina ya metali. Chuma huguna chini, shaba huimba juu kidogo, fedha hupiga kengele. Na ina kitufe ambacho ndicho kilichoifanya ipendwe na watafutaji dunia nzima. Ukikibonyeza, chuma kinanyamaza. Misumari, nyaya, mabati, vyote kimya. Unabaki na mlio wa vitu vizuri tu.

Niliipenda mashine ile kama mtu anavyompenda mchumba. Shamba la zamani limejaa takataka za chuma. Kwa Bi Kelele nilikuwa nachimba misumari arubaini nipate sarafu moja. Kwa mashine ya namba nilikuwa nikifika asubuhi, adhuhuri nna sarafu kumi, na mgongo wangu mzima. Wakubwa wakanisifu. Nikapelekwa mashamba makubwa. Mzee Hilal alikuwa keshastaafu, na siku niliyompelekea mashine ile Qantab aione alinitazama nikipita mara mbili juu ya misumari yake, mashine kimya kabisa, nami natabasamu.

Akanambia, "Umeizima nini?"

"Chuma, mzee. Misumari tu."

"Nani kakwambia ni misumari tu?"

"Mashine."

"Mashine haijakwambia kitu. Wewe ndiye uliyeiambia inyamaze." Akakaa kwenye ngazi. "Jeshini tulitafuta chuma peke yake. Hela hatukuzitaka."

"Sisi si jeshi, mzee wangu."

"Haya."

Nilirudi mjini nimechukia kidogo, nikiona uzee umemfika.

Sasa Khalfan. Kijiji chake sitakitaja, kwa sababu watoto wake wapo na wana haki ya kupita sokoni bila ya kutazamwa. Ni mwendo wa gari wa saa moja na kitu kutoka Muscat. Babu yake alikuwa na shamba pale, mitende na qatt, yale majani ya kulishia mbuzi, na falaji, mfereji wa zamani wa kumwagia maji, ikipita pembeni. Babu alipokufa shamba liliachwa miaka, ukuta ukaanguka, mitende ikafa imesimama. Khalfan alizaliwa Pemba, akaletwa mdogo, akafanya kazi ya ofisi huku mjini mpaka akachoka. Siku moja akaacha kazi, akamchukua mkewe Zuleikha na watoto watatu, akaenda kulifufua shamba la babu.

Katika kusafisha falaji akaokota sarafu saba za shaba, zimeshikana kwa kutu. Wangapi wangetia mfukoni? Yeye alizifunga kwenye leso, akaja nazo idarani mwenyewe, akaziweka juu ya meza yangu.

"Bibi, mimi nataka kupanda mitende. Lakini kama kuna vitu vya watu wa kale mule ndani, bora mvitoe kwanza. Jembe langu lisije likavivunja."

Kwa hivyo alisimamisha kazi yake kwa ajili yangu. Hili naomba mlishike. Alikuwa na vichipukizi vya mitende tayari, vinangoja, na kichipukizi hakingoji sana. Akangoja.

Nilikwenda kwa siku tatu. Siku mbili za mwanzo zilikuwa katika siku bora za kazi yangu. Zuleikha alikuwa akiniletea chai ya maziwa na mkate wa ufuta hadi shambani, tukikaa ukutani tunacheka. Mama yake na mama yangu walikuwa wametoka mtaa mmoja Unguja. Nilipata sarafu zaidi ya thalathini, bangili ya shaba, na pete ya fedha ya mtutu wa bunduki ya kizamani, ambayo Khalfan aliishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Watoto nikawavalisha hedifoni mmoja mmoja wasikie fedha inavyolia.

Siku ya tatu ilibaki pembe moja tu, upande wa ukuta ulioanguka. Pembe ile ilikuwa mbovu. Palikuwa na nyaya za uzio wa zamani, vipande vipande, kila mahali, na mashine hata baada ya kuzima chuma ilikuwa ikikwaruza. Joto lilikuwa limeshapanda. Ripoti ilikuwa inasubiriwa. Nikafanya kitu ambacho mnakifanya wote, maana nimewaona. Nikaongeza kizuizi, yaani nguvu ya kile kitufe cha kunyamazisha chuma. Nikakipandisha mpaka juu, mpaka pembe nzima ikanyamaza.

Si yote. Karibu na jiwe moja kubwa nilisikia mkwaruzo. Sauti iliyokatika, kama mtu anayetaka kusema akazibwa mdomo. Nikarudi nyuma nikapita tena. Namba ikapanda juu, ikashuka chini, ikapanda. Kwa aliyesoma kazi hii, hiyo ina maana moja: kuna chuma kikubwa, kikubwa mno hata kizuizi hakikiwezi chote. Nilijua maana yake. Nikasema moyoni, jembe la zamani hilo, au bati. Sikuja kwa ajili ya mabati. Nikapita.

Khalfan alikuwa amesimama ukutani. "Bi Nasra, na huku je?"

"Huku hamna kitu. Nyaya tu."

"Kwa hivyo kesho kutwa nnaweza kuanza mashimo?"

"Anza, baba. Shamba lako safi."

Neno hilo nililisema mimi. Hakuna aliyenilazimisha, wala hakuna aliyenituma niseme. Kazi niliyotumwa ni sarafu.

Siku ya nne baada ya hapo, saa tatu za asubuhi, mkuu wangu akanipigia simu kutoka chumba chake, hatua ishirini kutoka kwangu.

"Nasra, lile shamba la yule bwana Khalfan, ulimaliza?"

"Nimemaliza, ripoti iko juu ya meza yako."

Akasema, "Khalfan amekufa. Jembe lake limepiga kombora."

Lilikuwa kombora la mzinga mdogo, la zamani. Wazee wa kijiji walikuja kusema kwamba kabla sisi hatujarudi nchi hii askari walipiga kambi upande ule, na kwamba watu walijua, kisha waliojua wakafa na khabari ikafa nao. Lililala pale miaka yote hiyo, karibu na jiwe kubwa, kwa kina cha mkono mpaka kwenye kiko.

Nilipofika adhuhuri alikuwa keshazikwa. Askari walikuwa wamezungusha utepe. Nikasimama nje ya utepe nikaona mashimo mawili yamechimbwa vizuri, mviringo sawa kabisa, na la tatu si shimo tena. Vichipukizi vilikuwa vimepangwa mstari kivulini, kila kimoja kimefungwa gunia bichi kwenye mizizi. Alikuwa amevimwagia maji asubuhi ile ile. Magunia yalikuwa bado na unyevu.

Ndani wanawake walikuwa wamejaa. Nikakaa. Wakaniletea kahawa, na mama mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu ndiye yule bibi wa serikali, aliyekuwa mwema sana kwao." Zuleikha akanishika mkono. Macho yake yalikuwa makavu.

"Alikuwa akikusifu," akanambia. "Kila siku Bi Nasra, Bi Nasra."

Nilimeza kahawa ile, na tende, na nikaondoka nayo tumboni.

Idarani hakuna aliyenilaumu. Mkuu wangu alinifungia mlango akanambia kwa upole, "Kazi yetu ni vitu vya kale, si mabomu. Ripoti yako haina kosa." Na kweli haikuwa na kosa. Kwa pembe ile niliandika "hakuna athari", yaani vitu vya kale, na athari haikuwepo. Akanipa kalamu nikatia saini.

Nikaendesha gari mpaka Qantab. Mzee Hilal alikuwa hawezi tena kutembea bila ya fimbo. Nikamwambia kila kitu, isipokuwa mkwaruzo. Akanisikiliza kwa sikio lake moja, akanyanyuka, akaingia stoo, akatoka na kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Akanionesha pa kuchimba. Nikachimba mpaka kiko, nikakizika, nikakanyaga udongo.

"Washa mashine yako. Iweke kama ulivyoiweka siku ile."

Nikaiweka. Nikapita. Ule mkwaruzo ukatoka. Ule ule, na namba ile ile ikipanda na kushuka. Nikavua hedifoni, nikailaza mashine chini.

"Ulisikia hivi?" akauliza.

Ndipo nikasema. "Nilisikia hivi. Mara mbili."

Nilidhani atanikumbusha yale aliyonambia siku niliyompelekea mashine ile. Hakunikumbusha. Alikaa kwenye ngazi, akasema, "Basi nenda ukamwambie mkewe."

"Nitamwambia nini, mzee?"

"Hayo hayo uliyonambia mimi. Usipunguze."

Ilinichukua wiki tatu. Kila Alkhamisi nikitia mafuta gari, nikifika njia panda narudi. Mwisho nikaenda. Zuleikha alikuwa ndani, yumo katika eda, anakunja nguo za watoto. Mama yake akatupisha.

Nikamwambia. Nilimueleza kitufe kile ni cha nini, kwa sababu nilitaka ajue, asije akafikiri mashine ilikosea. Nikamwambia kuhusu jiwe kubwa. Nikamwambia ripoti ilivyokuwa, na kwamba nilikuwa na haraka, na joto.

Aliendelea kukunja shati moja la mtoto. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja.

"Kwa hivyo ulisikia," akasema.

"Nilisikia."

"Na yeye alikuuliza."

"Aliniuliza."

"Nilikuwa jikoni. Nilikusikia ukimjibu." Akaliweka shati juu ya mengine. "Siku ya msiba nilikushika mkono."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, hata kwa kupigwa. Nilikaa nimeinama, nikiangalia mkeka.

Akasema, "Wanangu wanapita pale kila siku kwenda kwenye falaji. Askari wamechukua vipande vya kombora, wamesema watarudi. Hawajarudi. Kuna lengine?"

"Sijui."

"Basi toka kwangu, nenda kajue."

Hayo ndiyo aliyonambia. Msamaha hakuutaja, nami sikuuomba.

Kwa miezi miwili nilikuwa mlangoni kwa kila mtu. Niliandika ripoti ya pili, nikatia mkwaruzo ndani yake, na namba, na jina langu. Mkuu wangu aliisoma akaniuliza kama nina akili. Lakini karatasi ikisha kuandikwa haiwezi kurudi kuwa nyeupe, akalazimika kuipeleka mbele, na askari wa kutegua mabomu wakaletwa na vifaa vyao. Kamanda wao alikuwa kijana mwenye adabu. Akanikubalia nisimame ukutani, nimuoneshe mistari niliyopita na nilipopita haraka. Ilikuwa aibu ya kusoma makosa yangu kwa sauti, hatua kwa hatua, mbele ya watu ishirini. Walifanya kazi siku kumi na moja. Walitoa nyaya, misumari, majembe mawili ya zamani, bati, na kiatu cha chuma cha punda. Na siku ya tisa, upande wa pili kabisa, chini ya ukingo wa falaji, pale pale ambapo watoto wa Khalfan walikuwa wakikaa kuosha vyombo, walitoa kombora la pili. Nalo nilikuwa nimelipita. Hilo hata mkwaruzo sikuusikia.

Sasa swali lenu. Ipi bora. Kwa shamba la zamani kavu, lenye udongo laini, chukueni ile yenye namba. Ni nyepesi na inatambua vizuri. Penye chumvi au mawe meusi itakudanganyeni, hapo ya mapigo. Bi Kelele kwa siku ya kwanza ya shamba lolote, kwa sababu anasema yote. Muiteni vyovyote mnavyotaka, lakini siku ya kwanza ya shamba piteni bila ya kuzima kitu. Sahani chini, karibu igusane na ardhi, sawa, isiinuke mkono ukifika mwisho kulia au kushoto. Kila mstari uingie nusu juu ya mwenziwe. Mkisha kusikia chuma chote kiko wapi, hapo zimeni kama mnataka, kwa kuwa mnajua mmezima nini. Chuma kikubwa msikichimbe. Weka alama, rudi kwa nyayo zako mwenyewe, mpigie polisi, na umzuie mtu mwengine asipite. Na kama mwenye shamba atakuulizeni, "Safi?", mwambieni mlipopita na msipopita, na mashine ilikuwa imewekwaje. Neno "safi" waachieni wafua nguo.

Nilifanya kazi miaka sita mingine baada ya hapo. Sarafu zangu zilipungua, wakubwa wakaacha kunisifu. Mzee Hilal alifariki katika mwaka wa pili. Nilikwenda nikakifukua kiwanja chake chote, kitu kimoja kimoja kwa daftari lake, ili binti yake aweze kupanda.

Lakini nilitaka kukwambieni siku moja tu nyengine. Zuleikha alipotoka eda alinipigia simu. Mara ya kwanza na ya mwisho. Akasema, "Njoo kesho asubuhi," akakata.

Nikaenda. Alikuwa amesimama kwenye ukuta ulioanguka, peke yake, buibui limekunjwa kiunoni. Nusu ya vile vichipukizi vilikuwa vimekufa. Vilivyobaki alikuwa amevipakia kwenye toroli. Askari walikuwa wamekwisha kumpa karatasi yao kwamba shamba limekaguliwa.

Nikasema, "Zuleikha, wamekagua wao, si mimi. Mimi nilikuwepo, nimeona walivyofanya, wamefanya vizuri. Zaidi ya hapo sijui."

"Sikukuuliza," akanambia.

Akanipa jembe. Lilikuwa jipya, mpini wake bado mweupe. Akanionesha kwa kidole penye jiwe kubwa, hatua mbili kutoka pale alipofia Khalfan.

Nikavua viatu, sijui kwa nini. Nikaenda. Nilitegemea atabaki ukutani, na ningemuelewa. Lakini nilipoinua jembe nikamsikia nyuma yangu, akija na toroli, gurudumu linalia juu ya kokoto. Akasimama karibu, karibu kiasi cha kunigusa bega.

Nikampigia makelele, "Rudi nyuma, mama, una watoto!"

"Piga," akasema Zuleikha. Hakusogea.

Nikapiga. Udongo ukafunguka, mwepesi, mkavu. Nikapiga tena. Alikuwa akihesabu mapigo kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma uradi, na kila pigo alikuwa akifumba macho, nami nafumba, tunayafumbua pamoja. Shimo lilipofika kina cha kiko akashuka magotini, akaingiza mkono, akapapasa chini mwenyewe, pande zote, mpaka akaridhika. Kisha akakata kamba ya gunia kwa meno, akakiingiza kichipukizi, nami nikamsaidia kufukia.

Akanyanyuka akapangusa mikono.

"Yamebaki mashimo kumi na moja," akasema, akashika toroli akatangulia.